Kwa Usawa wa Macho Yangu

Nikiingia duka la mtu, kabla sijauliza bei ya chochote, husimama wima mbele ya rafu ya tatu kutoka chini na kuitazama macho kwa macho. Ukingo wake ukilingana na mboni zangu, najua aliyelipanga duka lile ana akili. Ukiwa juu au chini, najua wamebahatisha, na roho yangu hufurahi kidogo. Watu ninaofuatana nao huona haya. Wanadhani natafuta nafasi ya kuiba.

Tabia hiyo niliachiwa na mwanamke niliyemwonea wivu kuliko binadamu yeyote, nikihesabu na dada zangu walioolewa vizuri. Sote tulimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha sanaa na jiografia huko Rubongi, jirani na kambi ya jeshi, mpaka akastaafu. Wenzake wakistaafu hununua kuku. Yeye alinunua kompyuta, akajifunza kuchora rafu za maduka.

Wengi hawajui kwamba hiyo ni kazi, nami sikujua mpaka iliponivamia. Kila bidhaa ya dukani hupigwa picha na kupimwa urefu, upana na kina. Picha zikishaingia kwenye kompyuta, mchoraji huijenga rafu nzima ndani ya kioo, sabuni hapa, mafuta pale, unga chini, na kuamua kila kitu kipewe nyuso ngapi za kumtazama mteja. Kinachouzwa haraka hupewa nyuso nyingi. Kinachododa hupewa uso mmoja, kipambane. Akimaliza huuchapa mchoro kwa rangi, unabandikwa kwenye ncha ya rafu, na watu wa dukani wanaufuata kama Amri Kumi.

Watu wa dukani maana yake mimi. Duka lenyewe liko Busia upande wa Uganda, na mwenye duka, ambaye tunamwita Tajiri, ni Msamia wa upande wa Kenya anayevuka mpaka kila asubuhi na kurudi kulala kwake. Nilianza naye alipokuwa na kibanda cha mlango mmoja. Kila kopo lililowahi kusimama mle ndani nililisimamisha mimi, kwa mikono yangu na kwa macho yangu, na yeye mwenyewe aliniita macho ya duka. Tena aliniahidi, mbele ya makeshia wote, kwamba siku akifungua duka la Tororo, meneja wake atakuwa Nafula. Nafula ni mimi. Nililitaka duka lile kuliko nilivyowahi kutaka kitu, na nalitaja mapema ili ujue kwamba wivu wangu haukuwa wa burudani.

Ndipo Tajiri akaingia na mama mmoja aliyevaa gomesi ya kijani, mkoba wa kompyuta begani, kalamu nyekundu imechomekwa kwenye kitambaa cha kichwa.

"Nafula, huyu ni Mwalimu. Ni mtu wa kompyuta. Mtasaidiana," alisema Tajiri.

Mtu akikuambia mtasaidiana, shika chako vizuri. Nilitabasamu kwa meno yote, nikamkaribisha, nikamletea kiti. Sikumletea kile chenye mto.

Alikuwa mfupi kweli. Akisimama kando yangu, kitambaa chake cha kichwa kiliishia begani kwangu, lakini kwa namna alivyosimama ungedhani mimi ndiye niliyerefuka bila ruhusa. Alikuwa na mazoea ya kupangusa vidole baada ya kugusa kompyuta, kana kwamba ana chaki mkononi. Hakuwa na haraka. Hata malori yakiwa yamepanga foleni ya forodha mpaka madirisha yetu yanatetemeka na madereva wanapigiana kelele, yeye aliketi pale karibu na kaunta, anasogeza kisanduku kimoja cha majani ya chai kutoka kushoto kwenda kulia, kisha anakirudisha.

Ualimu haukumtoka. Kila Jumatatu alipita na michoro yake na kalamu nyekundu, akisahihisha rafu moja baada ya nyingine, vema hapa, kosa pale, na juu ya karatasi anaandika alama. Mara ya kwanza nilipata sita juu ya kumi. Akagonga rafu ya biskuti kwa kalamu, akasema neno ambalo nililisikia kutoka kinywani mwake mpaka likawa kama jina langu la pili.

"Rudia."

Nilimwambia nimepanga biskuti tangu zamani, kabla yeye hajajua kuwasha kompyuta.

"Ndiyo," alisema. "Na unarudia makosa tangu zamani."

Makeshia walicheka viganjani. Nikarudia. Kilichoniudhi si kurudia. Kilichoniudhi ni kwamba nilipomaliza, biskuti zilipendeza.

Alikuwa na misemo yake, yote ya darasani. Jicho inanunua kwanza, mkono inafuata, ndivyo alivyosema, kwa Kiswahili chake cha Rubongi kilichochanganyika na cha wanajeshi. Kitu ikilala, imekufa. Maana yake ni kwamba pakiti iliyolala chali haiuziki, lazima isimame imtazame mtu. Huo wa pili umenikaa vibaya. Nimejikuta nyumbani nikiwaambia watoto wangu kuhusu viatu vyao kwamba kitu ikilala imekufa, kisha nikanyamaza kwa hasira, maana nilisikia sauti yake mdomoni mwangu.

Lakini usidhani alianza bila kukosea. Mchoro wake wa kwanza kabisa ulikuwa aibu tupu, nami nilikuwapo, nikaula kwa macho. Ndani ya ile programu kuna mtu wa kijivu asiye na sura, ambaye mchoraji humsimamisha mbele ya rafu ili aone mteja anaona nini. Mwalimu alimwamini. Alipanga mafuta ya kupikia, chumvi na viberiti, vitu vinavyotoka kila saa, kwenye usawa wa macho ya yule mtu. Tulipomaliza kupanga na kufungua milango, akina mama wa Busia waliingia wakaanza kuruka. Mmoja alipanda kwenye kreti la soda. Mwingine, mama mzito kutoka Sikuda, aliniomba nimwinulie mtoto wake amshushie chumvi. Programu ilikuwa imetoka nchi za watu warefu, na yule mtu wa kijivu alikuwa na kimo cha mlinzi wa benki.

Siku ile nilikula chakula cha mchana na mboga ya ziada. Nilimwambia Tajiri, kwa upole unaoumiza, kwamba labda kompyuta haijawahi kufika Busia.

Mwalimu hakujitetea. Aliuchomoa mchoro, akauandikia sifuri yeye mwenyewe kwa wino mwekundu, kisha akaja kwangu na utepe wa mafundi cherehani.

"Vua viatu. Simama hapa."

Nilimwuliza kwa nini asijipime mwenyewe. Akasema yeye ni mfupi kupita kiasi, angewaharibia watu duka. Akanisimamisha kwenye rafu, wateja wakitazama, akanipima kutoka sakafuni mpaka machoni, mpaka begani, mpaka ncha ya vidole nikiwa nimenyoosha mkono, kama fundi anayepima jeneza. Alipomaliza alipangusa vidole, akaridhika.

"Ile mtu ya kompyuta ni Mzungu," alisema. "Wewe ndiyo watu yetu."

Kuanzia hapo yule mtu wa kijivu akawa na kimo changu, mabega yangu na urefu wa mkono wangu. Mwalimu alimpa jina, Mama Mteja. Akikwama hakuniuliza mimi niliyesimama karibu yake nikiwa mzima na masikio mawili. Alimsogeza yule ndani ya kioo, akamzungusha, akamtazamisha juu, akamtazamisha chini. Kisha alinitangazia majibu. Mama anasema sukari ishuke. Mama haoni dawa ya meno. Mama amekataa.

Nilimwonea wivu Mwalimu, na wivu ulipozidi nikamwonea hata Mama Mteja. Nilitaka kuwa mchoraji, nikafanywa kipimo. Kwa muda fulani nilijaribu kujifunza hiyo programu kisirisiri kwenye duka la kukodisha kompyuta kule mtaani Sofia, lakini kipanya kilinitoroka na rafu zangu zikawa zinaelea hewani, na kijana mwenye duka akawa ananiita shangazi kwa huruma. Nikaacha. Wapo watu wanaosema wivu ni ugonjwa wa wavivu. Hao hawajawahi kujaribu kushindana na mtu anayewahi kazini kabla ya mlinzi.

Sasa nieleze jambo la mama yangu, kwa sababu hapo ndipo nilipojua kwamba nimeshindwa.

Huku kwetu mkwe na mama mkwe hawakaribiani. Hawapeani mikono, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani mmoja hutafuta kichaka. Wasamia tuko hivyo, Jopadhola wako hivyo, Wateso wako hivyo. Kila mtu anajua. Mimi pia nilijua, nilizaliwa ndani yake. Lakini katika upangaji wangu wa zamani, ambao Mwalimu alikuwa hajaugusa bado, njia ya kupita kati ya rafu za sabuni na karatasi za chooni ilikuwa ndefu na nyembamba, na mwisho wake ulikuwa ukuta. Niliipenda njia ile. Ilibeba vitu vingi.

Mama yangu alikuja kutoka Sikuda, amemaliza kuuza njugu zake sokoni, akaingia njia ile kutafuta sabuni ya mche. Mume wangu naye alikuwa amepita dukani kuniletea ufunguo wa nyumba, akakumbuka wembe, akaingia njia ile ile. Walikutana katikati. Mama hakuwa na pa kukimbilia, nyuma yake ni ukuta. Akageuka akaficha uso kwenye karatasi za chooni na kujifunika leso kichwani. Mume wangu akarudi kinyumenyume, jasho likimtoka, mpaka akaangusha chupa za mafuta ya kujipaka, nyingi, zikapasuka zote. Basi hapo hata kurudi kinyumenyume kukashindikana, sakafu ilikuwa inateleza. Duka zima lilikuja kutazama. Nilicheka nami, nitafanyaje. Mama alitoka akiwa amefunika uso, na kwa muda mrefu hakurudi. Akitaka sabuni alimtuma jirani.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mwalimu alisimama kwenye ncha ya njia, akatazama ukuta, akatazama rafu, akarudi kwenye kompyuta yake.

Mchoro uliofuata ulikuwa na tundu. Ile rafu ndefu ilikatwa katikati, pakabaki nafasi ya upana wa mlango, haina bidhaa hata moja. Mtu akiingia njia ya sabuni na kuona asichotakiwa kukiona, anapinda, anatokea kwenye unga. Kila njia ya duka ilipewa tundu lake. Tajiri alipouona mchoro alipandwa na hasira. Alisema hapo katikati ndipo panapouza zaidi, na yeye halipi kodi ya kuuza hewa.

"Kila mtu hapa iko na mkwe," Mwalimu alimwambia. "Akiogopa kuingia njia, hanunui kitu hata moja. Wewe mwenyewe, mama mkwe yako ananunua wapi?"

Tajiri alifikiri. Nadhani alikumbuka jambo, maana alishika kidevu, akaupitisha mchoro. Mauzo yalipanda. Watu wakawa wanaita matundu yale milango ya wakwe, na wapo waliokuja kutoka ng'ambo kuyatazama tu.

Usiku wa siku mchoro ule ulipopitishwa nilijihesabia hasara yangu. Yule alikuwa mama yangu. Yule alikuwa mume wangu. Ile ilikuwa njia yangu, niliyoipanga kwa mikono hii. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi ndiye niliyeitwa macho ya duka, lakini aliyeona ni yeye.

Mama aliposikia, alirudi. Alisimama kwenye lile tundu, akapita upande huu, akapita upande ule, akatabasamu kama bibi harusi.

"Aliyetoboa hapa ana adabu," alisema. "Ni nani?"

Ulimi ulikuwa tayari kusema ni mimi. Lakini Mwalimu alikuwa nyuma yangu anasahihisha sabuni. Nikamwelekeza kwa kidevu. Tangu siku hiyo mama yangu mzazi, kila akivuna, alimletea Mwalimu mfuko wa njugu. Mfuko huo zamani ulikuwa wangu.

Nisije nikamfanya malaika. Mwalimu alikuwa na mambo yake, na mengine yalipingana. Aligoma kabisa kuweka biskuti na peremende kwenye usawa wa macho ya watoto, ingawa kila duka hufanya hivyo na Tajiri alimwomba mpaka akachoka. Alisema amefundisha watoto, hawezi kuwatega. Lakini watu wazima aliwatega bila huruma. Aliweka mabeseni mapya kando ya sabuni ya unga ili mama aliyekuja kununua sabuni aanze kulidharau beseni lake la nyumbani. Nilipomwuliza hao je, alisema hao walimaliza shule.

Na yeye mwenyewe hakununua kwetu hata kiberiti. Alikwenda sokoni, akanunua kipande cha sabuni kilichokatwa, akabishana na muuzaji mpaka wote wawili wakakauka koo. Alisema kwetu vitu vimepangwa vizuri mno, hajiamini.

Kubwa zaidi ni jiko lake. Nilifika kwake Mwello alipofiwa na kaka yake, nikaingia jikoni kusaidia akina mama kupika. Ukutani palikuwa na ubao mmoja mrefu, umepigwa randa vizuri, umepigiliwa kwa vyuma imara. Juu yake hapakuwa na kitu ila vumbi. Sufuria zote, unga, chumvi, madumu ya maji, vyote vilikuwa chini, tunavirukaruka kama mbuzi. Malkia wa rafu, na jiko lake limelala chali! Nilipika kwa nguvu za ajabu siku ile. Niliporudi Busia niliwasimulia makeshia wote, mmoja mmoja, ili utamu usiishe haraka.

Jambo jingine lilikuwa kelele za wateja. Kila mchoro mpya ulipobandikwa, vitu vilihama, na watu walipotea. Aliyezoea kuchukua chumvi kushoto alikuta nepi. Basi waliingia mlangoni, wa huku na wa ng'ambo, Wasamia, Wateso, Waluo, wakapaza sauti kabla hata ya kusalimia.

"Nafula ako wapi?"

Nami nilitoka kati ya rafu nikiwaongoza, mama sukari huku, mzee betri kule. Ilinichosha. Niliona nimegeuzwa kibao cha njiani, na niliona pia kwamba huo ni ushahidi kwamba michoro haifai, ila Tajiri hakuusikia. Mwalimu aliusikia. Kila jina langu lilipoitwa, aliinua kichwa kutoka kwenye kompyuta, akamtazama aliyeita, akanitazama mimi, kisha akainama tena. Nilidhani kelele zinamsumbua kazi. Nikawa naitika kwa sauti kubwa zaidi.

Duka la Tororo lilifunguliwa, kwenye barabara ya kwenda Rubongi, ili wake wa wanajeshi wafike kwa miguu mwisho wa mwezi. Mwalimu alilichora lote, kuanzia mlango mpaka stoo, na milango ya wakwe ikiwamo. Meneja akawa kijana mmoja wa Mbale aliyevaa tai. Tajiri aliniita ofisini akaniambia Busia bado inanihitaji. Hakunitazama usoni. Nilisema asante, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema, nikaenda stoo nikakaa juu ya magunia ya mchele nikalia mpaka leso ikalowa.

Siku ya kufungua tulipelekwa sote tukasaidie. Nikasimama mbele ya rafu ya mafuta, ya tatu kutoka chini. Ukingo wake ulinifika machoni, barabara, kama ulivyopaswa. Rafu zote za duka lile zilikuwa za kwangu kwa kimo, kwa mkono, kwa bega. Kivuli changu kilikuwa kimehamia Tororo. Jioni mimi nikapanda gari, nikarudi Busia.

Miaka imepita. Mwalimu alistaafu mara ya pili, akarudi kwake Mwello. Siku hizi michoro inatumwa kwa simu na vijana ambao hatujawahi kuwaona, na ikikosewa hakuna wa kuiandikia sifuri. Sikumtembelea. Ningekwenda kufanya nini. Lakini mwaka huu mama yangu alivuna vizuri, miguu yake haifai tena safari, akaniwekea mfuko wa njugu mkononi na kunituma. Kwa Mwalimu, si kwangu. Nikaongeza kilo za sukari kutoka dukani, kwa kuwa sikulelewa kwenda kwa mtu na cha mama peke yake.

Nilimkuta ameketi mlangoni, fimbo mapajani. Alikuwa amezidi kuwa mfupi. Bega la kulia halikuinuka tena, alinipa mkono wa kushoto na kuniomba radhi. Aliuliza habari za duka kama mtu anayeuliza habari za mtoto aliyemlea. Mafuta bado yanatazama mlango? Njia ya sabuni bado ina tundu? Nilimwambia vijana waliliziba, na mama mmoja alikwama na mkwe wake wiki hiyo hiyo, wakalitoboa tena. Alicheka akishika bega.

Kisha akapangusa vidole.

"Nafula, kuna kitu moja nataka kukuambia. Usikasirike mpaka nimalize. Tajiri alitaka kukupa Tororo. Alikuja akaniuliza kama unaweza. Mimi nikamwambia, usimtoe huyu Busia."

Nilimwuliza kwa nini.

"Wivu," alisema, wazi kabisa, kama mtu anayetaja mji mkuu wa nchi. "Mimi nachora mpaka macho inaniuma. Asubuhi watu wanaingia, wanapita mchoro yangu kama ukuta. Wanauliza Nafula ako wapi. Hata siku moja, hata mtu moja, hakuuliza nani alichora. Nikajua ukikwenda Tororo, hata kule watauliza wewe. Basi nikapeleka ile Nafula ya kompyuta. Ile hakuna mtu anauliza."

Nilikasirika. Duka la Tororo lilikuwa langu, na huyu mama mfupi ndiye aliyelitoa mkononi mwangu akampa kijana wa tai. Nililia juu ya magunia kwa sababu yake. Hasira ilianza kupanda vizuri kabisa, lakini kabla haijafika kooni kitu kingine kilitangulia, nami nakisema kama kilivyokuwa. Kilikuwa furaha. Miaka yote ile niliyomwonea kijicho, naye alikuwa ananirudishia, siku kwa siku, kila aliyeingia mlangoni akitaja jina langu. Nilimwuliza kama ilimuuma. Akasema sana.

"Rudia," nikamwambia.

Aliiweka fimbo sawa mapajani. Kisha akarudia, yote, kuanzia kwa Tajiri mpaka kwa yule wa kompyuta asiyeulizwa na mtu. Hakuruka neno. Alikuwa mwalimu, alijua maana ya kurudia.

Baadaye aliniomba niingize vitu jikoni kabla kuku hawajavifikia. Jiko lilikuwa vile vile, kila kitu chini, na ule ubao ukutani ukiwa mtupu. Nikasimama mbele yake. Ukingo ulilingana na macho yangu.

Mwalimu alikuwa amenifuata na fimbo yake.

"Fundi nilimpa mchoro ya duka," alisema. "Nilisahau mimi siko mrefu kama wewe. Ile siku alimaliza, nikaweka sufuria juu, sikuiona mpaka jirani akaniteremshia. Nikaacha tu."

Njugu za mama niliziacha chini karibu na jiwe la kusagia, mahali anapofikia. Sukari niliichukua, nikaifuta, nikaiinua mpaka kwenye ule ubao na kuisukuma nyuma kabisa, iguse ukuta, isimame vizuri uso ukitazama mbele.

"Sasa nitateremsha namna gani?" aliuliza Mwalimu.

"Utafanya kama wengine," nikamwambia. "Utauliza Nafula ako wapi."

Nikampangusia kiti chake kile cha mlangoni, nikamketisha, nikaenda barabarani kutafuta boda ya kunirudisha Busia.